Opareta wa Majina Yaliyofunikwa

Kwa miaka minane niliyomfahamu sikuwahi kumwita kwa jina lake. Alikuwa Opareta. Ndivyo alivyoitwa masjala ya hospitali kabla mimi sijazaliwa, ndivyo alivyojitambulisha kwangu getini kwake Kibamba siku ya kwanza, na ndivyo nilivyomhifadhi kwenye simu. Siku moja nilimuuliza kama haoni vibaya kuitwa kwa kazi aliyokwisha kuiacha. Alinijibu bila kunitazama, "Jina nilipewa na watu. Hiyo kazi niliitafuta mwenyewe."

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye vidole vilivyovimba kwenye viungo. Ukiongea naye, vidole vile vilikuwa vinachezacheza mapajani mwake. Mwanzoni nilidhani ni maradhi ya uzee. Ilinichukua miezi kugundua kwamba alikuwa anayachapa maneno yangu. Nikiongea haraka, alikuwa ananyanyua mkono. "Taratibu, binti. Hapo umeniacha." Nami nilirudia sentensi, naye aliichapa juu ya kitenge, kisha akaitikia kwa kichwa kuniruhusu niendelee.

Sebuleni kwake kulikuwa na viti viwili. Kimoja alikalia yeye, cha pili kilibeba magazeti ya zamani yaliyofungwa kwa kamba. Mgeni alipewa kigoda. Nilimuuliza kwa nini asiyahamishe magazeti, akasema yakihamishwa kiti kitabaki kitupu, naye hapendi kukitazama kiti kitupu kutwa nzima. Aliyasema hayo kama mtu anayeeleza kwa nini hapendi bamia. Watoto hakuwa nao. Ndugu zake walikuwa bara, wakimpigia simu sikukuu mbili za mwaka, na simu yenyewe aliiweka bila mlio, hivyo mara nyingi alikuta wameshapiga wakakata tamaa. Hakuwarudia. Alisema watakuwa wameshajua kwamba yupo.

Ukimwona hivyo utasema ni mtu wa kimya, kumbe redio yake ilikuwa inapiga singeli asubuhi hadi jirani wa ng'ambo ya uzio analalamika. Alikuwa haelewi nusu ya maneno yale ya vijana, ila aliipenda kasi yake. "Hawa wangefaa kazi yetu," aliniambia. "Hawapumziki kwenye koma."

Makosa ya maandishi yalimuumiza kama jipu. Kanisani kwao waligawa karatasi za matangazo kila Jumapili. Yeye alikuwa anarudi nazo nyumbani, anazisahihisha kwa kalamu nyekundu, na Jumapili inayofuata anamkabidhi katibu mbele za watu. Baada ya mwaka mmoja katibu akawa anamkwepa. Baada ya miaka miwili kina mama wa jumuiya wakaacha kupita kwake wanapotembelea nyumba za wazee. Nilimwambia angeweza kuyaacha tu. Akasema, "Wameandika 'marehemu' bila h. Mtu amekufa, halafu hata h hawampi?"

Lakini barua zake mwenyewe, alizoandika kwa mkono, zilikuwa zimejaa makosa. Alikuwa anaruka herufi, anaunganisha maneno mawili, anasahau nukta. Nilipomwonyesha alicheka, na kucheka kwake kulikuwa kwa nadra kiasi kwamba kunguru waliokuwa uani waliruka. "Hiyo ni yangu mimi," akasema. "Haina mtu ndani."

Niliyaelewa maneno hayo baadaye.

Mimi nilimfikia kwa sababu ya kazi. Nilikuwa nimeajiriwa na hospitali moja kubwa ya jijini, ambayo sitaitaja, kuhamisha kumbukumbu za zamani za wodi ya wazazi kuziingiza kwenye mfumo mpya. Mafaili yenyewe yalikuwa yameshahamishwa mara nyingi, kutoka mashine moja kwenda nyingine, na nilipoyafungua kwenye terminali ya kompyuta yangu, lile dirisha jeusi la maandishi, yalikuja na vituko. Palikuwa na vimraba vidogo katikati ya majina. Herufi zilijirudia. Kila baada ya kurasa kadhaa kompyuta ilipiga mlio, *ting*, halafu palionekana mstari mrefu wa vistari tu, kama nafasi ya kujaza kwenye fomu. Wenzangu ofisini walichoshwa na ule mlio. Nikauzima kwenye mipangilio, nikaendelea.

Kisha nikaandika programu ya kusafisha. Ilikuwa inaondoa vimraba, inakusanya kile kinachoonekana kwenye skrini, na mistari isiyo na herufi yoyote inaitupa. Nilijivunia programu ile. Mkuu wa kitengo alinipongeza kwenye mkutano.

Miezi michache baadaye alikuja kwenye dirisha la masjala dada mmoja wa Temeke, Rehema, mwenye umri wa kama miaka arobaini. Alikuwa anatafuta tangazo lake la kizazi, ile karatasi ya hospitali inayothibitisha kwamba umezaliwa hapo, ili apate cheti cha kuzaliwa. Mama yake alifariki wakati wa kumzaa. Shangazi aliyemlea naye alikuwa ameshafariki, na hakubaki mtu wa kumtolea ushahidi. Karani alimwambia hayupo kwenye mfumo. Rehema hakugomba. Aliuliza tu kwa sauti ndogo, "Sasa mie nilizaliwa wapi?"

Mimi nilikuwa nyuma ya karani, nasubiri printa. Lile swali lilinikaa. Nikamuuliza tarehe, nikarudi kwenye faili la asili, nikaitafuta siku ile. Palikuwa na watoto saba, na baina ya wa nne na wa tano palikuwa na mstari mmoja wa vistari vitupu.

Nilimwonyesha mkuu wa kitengo. Akasema hizo ni nafasi za fomu, waliacha wazi, niachane nazo, na kwamba mwisho wa mwezi mafaili ya zamani yatafutwa kabisa. Mhudumu mmoja mzee wa masjala, aliyekuwa anafagia karibu, alitusikia. Mkuu alipoondoka akanisogelea. "Kamuulize Opareta. Yupo Kibamba, ndani kidogo ya barabara ya Morogoro. Hayo yote kaandika yeye."

Ndivyo nilivyojikuta getini kwake, nimebeba kompyuta mgongoni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama viatu, akaniambia nivifute. Nilipomfungulia faili na kumwonyesha ule mstari, hakugusa kompyuta. Aliusogezea uso mpaka pua ikakaribia kioo.

"Hapa pana mtu," akasema.

"Pana vistari tu, mama."

"Opareta. Na pana mtu chini yake." Akakaa vizuri. "Kengele haikukuita?"

"Niliizima."

Alinieleza, taratibu, kama anavyoelezwa mtoto wa darasa la kwanza. Enzi zake hapakuwa na skrini. Alikuwa anakaa mbele ya mashine kubwa yenye kibodi na karatasi ndefu, na alichobonyeza kilikwenda kwenye kompyuta huku kikichapwa palepale. Mbali na herufi, mashine ilikuwa na amri zake: shuka mstari, rudi mwanzo wa mstari, rudi nyuma hatua moja, piga kengele. Amri hizo zilihifadhiwa humohumo ndani ya faili, katikati ya majina ya watu, bila kuonekana.

Wodi ya wazazi ilikuwa inamletea vikaratasi, jina la mtoto, jina la mama, saa, uzito, mtaa. Kikaratasi cha mtoto ambaye mama yake amefariki kilikuja kimekunjwa kona, basi. Hakukuwa na nafasi ya kuandika jambo hilo kwenye fomu ya mashine. Opareta alimwomba bosi wake waongeze nafasi, akakataliwa. Kwa hiyo akabuni njia yake. Alichapa kwanza amri ya kengele, ili anayepokea karatasi chumba cha pili ageuke. Akachapa mstari mzima wa mtoto. Halafu, badala ya kushuka chini, aliiamuru mashine irudi mwanzo wa mstari uleule, akachapa vistari palepale penye maneno, vikikaa chini ya herufi, hadi mwisho. Kwenye karatasi ilitoka safi, jina limepigiwa mstari, kila kitu kinasomeka.

"Karatasi inabeba vyote viwili," akasema. "Skrini haibebi. Skrini ukiandika juu ya kitu, cha chini kimekwenda."

Nilifungua faili kwa njia nyingine, ile inayoonyesha kila alama pamoja na zisizoonekana. Mstari wa mtoto ulikuwepo. Kwanza amri ya kengele, kisha jina la Rehema, jina la mama yake, saa nane mchana, kilo mbili na nusu, mtaa wa Temeke. Kisha ile amri ya kurudi mwanzo. Kisha vistari. Programu yangu ilikuwa imeitii amri ile kama skrini inavyoitii, ikamfunika mtoto, halafu ikautupa mstari kwa kuwa ni mtupu.

"Mashine haikosei," Opareta alisema. Ilikuwa kauli yake, nimeisikia mara nyingi baada ya hapo. "Inatii tu. Uliza nani kaiamuru."

Tulifanya kazi pamoja wiki tatu. Alikubali kuja hospitali, amevaa gauni la kazini lililokuwa limekaa sandukuni, likinuka dawa ya nondo. Tuliamua kwamba kila penye amri ya kurudi mwanzo bila kushuka, programu isifute chochote, ilinganishe tabaka la juu na la chini, na panapopigwa vistari juu ya maneno iyahifadhi maneno na kuweka alama pembeni. Ile ya kurudi nyuma hatua moja nayo ilikuwa na mambo yake, kwa sababu makarani wengine waliitumia kukoleza herufi, wakichapa herufi moja mara mbili mahali pamoja, ndiyo maana tulikuwa na kina Aasshhaa. Alikuwa mgumu kufanya naye kazi. Alinikatiza na kuniamuru nianze upya, na chai niliyomletea alikataa akisema ina maziwa kidogo, ya kuogopa. Lakini jina lilipotokea kutoka chini ya vistari, alilisoma kwa sauti, lote, na la mama yake, kabla hajaniruhusu kugusa linalofuata. Yalikuwa zaidi ya mia. Aliyasoma yote. Mkuu wa kitengo alikuja kuchungulia mlangoni, akasimama, akaondoka bila kusema alichokuja kusema. Mafaili hayakufutwa mwisho wa mwezi.

Watoto wale ndio hasa waliokuwa na shida ya karatasi, kwa sababu hawakuwa na mama wa kuwasemea. Na ndio hasa tuliokuwa tumewafuta. Sijui mtu anaambiwa nini akijua hilo. Mimi nilijiambia kwamba nilikuwa sijui, na ilikuwa kweli.

Opareta hakuweza kujiambia hivyo. Nililijua hilo siku niliyompeleka Rehema.

Rehema alipopata tangazo lake aliniomba nimpeleke kwa mama aliyesaidia. Tulifika Kibamba mchana, amebeba doti ya kanga na mkate wa kumimina alioupika mwenyewe. Opareta alimkaribisha kigoda. Akatoa chai, yenye maziwa mengi, kwa vikombe vya sherehe. Rehema alipiga magoti kumpa zawadi, akaanza kushukuru, na Opareta akanyanyua mkono kama anavyofanya akiachwa na maneno.

"Usinishukuru. Kaa," akasema. "Skrini za kwanza zilipoletwa hospitali, mimi nilikuwepo. Siku ileile nilifungua faili nikaona mistari mitupu. Nikajua. Nilimwambia bosi, akasema karatasi zipo, zitatosha. Baadaye karatasi zikaliwa na mchwa, nikajua pia. Sikusema tena. Nilikuwa nimebakiza miaka kumi na mbili kustaafu, na nilikuwa nimechoka kuambiwa nina maneno. Nikafanya miaka kumi na mbili hiyo, nikaja kukaa hapa."

Rehema alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Mie nilikujaga pale dirishani, mama. Siyo mwaka huu tu. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kunduchi kuna hoteli ilinitaka jikoni, walinipenda, walitaka cheti tu. Nikaambiwa sipo. Nikarudi nina mtoto mgongoni, nikaambiwa sipo." Sauti yake haikupanda. "Wewe ulikuwa humo ndani?"

Opareta alihesabu miaka kimoyomoyo. Niliona midomo ikitikisika. "Mara ya kwanza, ndiyo."

Rehema akaweka kikombe chini. Hakukimwaga wala hakukinywa. Baadaye akauliza kitu ambacho sikukitegemea. "Mama yangu ulimwona?"

"Hapana. Niliona kikaratasi."

"Kilikuwaje?"

"Kimekunjwa kona," Opareta alisema. "Mwandiko wa nesi ulikuwa mzuri. Jina lako mtu alilifuta kwanza, halafu akaliandika tena kwa nguvu. Nakumbuka kwa sababu kalamu ilitoboa."

Rehema alitikisa kichwa kidogo, kama amepewa kitu kidogo kuliko alichoomba lakini si bure. Akasimama, akaniambia tuondoke. Kanga aliiacha juu ya kigoda, na mkate. Getini nilisikia Opareta akiniita kwa nyuma, nikarudi.

"Usimwambie mimi ni mtu mwema," akasema. "Njiani huko. Najua utataka kumwambia."

Nilikuwa nataka kumwambia, kweli. Sikumwambia. Rehema alitazama nje ya dirisha la gari mpaka Temeke.

Nilipomtembelea tena, Opareta aliniuliza kuhusu wale wengine, kama wanakuja. Nilimweleza ukweli. Majina yapo, lakini mtu aliyeambiwa hayupo mara mbili, mara tatu, harudi. Hatuna namba zao za simu. Hatuna njia ya kuwaita. Mitaa iliyoandikwa ni ya miaka arobaini iliyopita. Akaniomba orodha. Nikakataa, hizo ni siri za hospitali, ningefukuzwa kazi. Hakusisitiza. Akanimiminia chai. Mwezi mzima kila nikienda aliongea mambo mengine kabisa, ya kunguru na ya katibu wa kanisa, na mwezi wa pili nikamchapia orodha, kwa herufi kubwa, nikaipeleka ndani ya bahasha ya kaki. Sijamwambia mtu hadi leo. Hakuifungua mbele yangu.

Baada ya hapo nilimkosa. Nikifika Kibamba nilikuta geti limefungwa kwa kufuli na redio kimya. Jirani, yule wa malalamiko, alisema bibi siku hizi anatoka asubuhi na mkoba, hajui anakwenda wapi, na kwamba yeye mwenyewe sasa anaikumbuka hata ile redio. Simu, kama kawaida, haikupokelewa.

Nilikuja kukutana naye Kiwalani, nilikopanga chumba. Nilikuwa nimekwenda ofisi ya serikali ya mtaa kuomba barua ya utambulisho. Kwenye benchi la nje, kati ya vijana wawili waliokuwa wanabishana habari ya mpira, alikuwa amekaa Opareta. Alikuwa amepungua. Miguu ilikuwa na vumbi hadi kwenye pindo la gauni, na juu ya mapaja alikuwa ameshika bahasha ya kaki iliyochakaa kona.

Nikamwamkia. Akaitikia, akasogea kunipa nafasi, na kijana mmoja akanung'unika akahama.

"Umefika kwa wangapi?" nikamuuliza.

"Kumi na moja. Sita mtaa hauwajui tena. Watatu wameshafariki." "Mmoja alishapata cheti kwa njia zake, akaniambia nimejisumbua. Mmoja alinifungia mlango."

Ndege ilipita chini sana kuelekea uwanjani, tukasubiri iishe.

"Unawaambia nini?"

"Nawaambia majina yao yapo, waende dirishani. Halafu nawaambia kwamba nilijua."

"Hilo la pili la nini, Opareta? Mzee kama wewe, unatembea jua lote hili. La kwanza linatosha."

"Wasije wakanishukuru," akasema.

Nilimwomba aje kwangu anywe hata maji, chumba kilikuwa hatua chache tu. Akasema akiondoka atapoteza foleni. Nilimwomba tugawane majina, mimi nichukue ya upande wa Temeke siku za Jumamosi. Hilo alilifikiria. Akatoa karatasi mbili za mwisho ndani ya bahasha, akazikagua, akanipa, akanishika mkono kwa muda mfupi, na kiganja chake kilikuwa kikavu na cha moto.

"Soma na jina la mama," akaniambia. "Wengi hawajawahi kulisikia likisomwa na mtu."

Mwenyekiti wa mtaa akaita anayefuata. Opareta akasimama kwa hatua tatu, kwanza mgongo, kisha magoti, kisha kichwa. Mlango uliachwa wazi kwa sababu ya joto, kwa hiyo nilisikia yote. Alitaja jina la mtu mzima wa kiume, la mama yake, na nyumba iliyokuwa karibu na kisima ambacho hakipo tena. Mwenyekiti alikuwa mtu mpole. Aliuliza kama mtu huyo amemkosea, kama kuna kesi. Opareta akasema hakuna kesi.

"Ni ndugu yako?"

"Hapana."

"Mlifahamiana wapi?"

"Hatujawahi kuonana."

Mwenyekiti akaweka kalamu mezani. "Sasa mama, nisaidie nikusaidie. Huyu ni nani wako?"

Opareta alifikiri. Kutoka nilipokaa niliuona mgongo wake tu, na bahasha chini ya kwapa.

"Nilimwandika mimi," akasema.